Vyumba sita Iyunga: luku moja inagombanisha watu, na mpangaji mmoja ana deni la miezi minne

Mwalimu_Sumbawanga

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za kazi. Naomba ushauri kwa wenye vyumba vya kupangisha, hasa wa Mbeya mnaojua mazingira yetu.

Baba yetu alifariki mwaka jana. Ameacha nyumba Iyunga, upande wa kwenda chuo cha MUST. Nyumba kubwa anakaa mama na mdogo wangu wa mwisho. Uani kuna vyumba sita kwenye mstari mmoja: tofali za kuchoma, bati, vyoo viwili vya nje, bafu moja, bomba moja. Kodi ni 40,000 kwa mwezi kila chumba. Hela hiyo ndiyo inayomtunza mama na kumsomesha mdogo wangu, kwa hiyo kwetu si jambo dogo. Mimi nafundisha sekondari Sumbawanga, nafika nyumbani likizo tu. Anayekusanya kodi ni baba mdogo.

Baba alipokuwepo hakukuwa na mikataba. Jioni alikuwa anakaa kwenye benchi pale uani, anaongea na kila mtu, jambo linaisha. Sasa hayaishi.

Chumba cha kwanza na cha pili wako wanafunzi wa chuo. Cha tatu ni mama anayeuza mitumba Mwanjelwa, ana watoto wawili. Cha nne dereva wa bajaji, mke wake na mtoto mchanga. Cha tano kijana fundi simu. Cha sita kipo wazi kwa sababu kinavuja, aliyekuwemo alihama mvua za Machi.

Tatizo la kwanza ni luku. Vyumba vyote viko kwenye mita moja (nyumba kubwa ina ya kwake). Wamezoea kuchanga 5,000 kila mtu. Lakini tangu baridi ya mwezi wa sita ianze kila mmoja ana koili ya kuchemshia maji ya kuoga, umeme unaisha katikati ya mwezi, na hakuna anayetaka kuwa wa kwanza kununua. Wamekaa giza siku mbili, mama akaona huruma kwa yule mtoto mchanga, akanunua kwa hela yake. Wiki iliyopita mama wa mitumba na mwanafunzi mmoja walitukanana mpaka majirani wakaja. Yule mama alikuwa amenunua umeme wa 10,000 tarehe moja, uniti zikaja pungufu kuliko alivyozoea, akaamini ameibiwa.

La pili ni yule dereva. Hajalipa miezi minne, yaani 160,000. Baba mdogo anasema tumfungie kufuli au tung'oe mlango, atatoka mwenyewe. Mama hataki kusikia. Mimi sijui nishike upande gani, kwa sababu deni ni kweli na mtoto mchanga ni kweli.

Nisaidieni.

Mama_Uyole

Marahaba mwanangu, na pole sana kwa baba. Mimi nina vyumba tisa Uyole. Nilianza na viwili mwaka 2004 nikiwa bado nesi, sasa nimestaafu na vyumba ndivyo vinavyonilisha. Nitakujibu kwa mpangilio wangu, kwa sababu swali la kwanza naona hujaliuliza.

Msimamizi wa mirathi ni nani? Nyumba ya marehemu si ya baba mdogo, si ya kwako, na hata mama peke yake hawezi kwenda kudai mbele ya baraza lolote mpaka mahakama imteue msimamizi. Kama familia ilishakaa kikao, ikaandika muhtasari na kwenda Mahakama ya Mwanzo, vizuri, omba nakala ya barua ya uteuzi ukae nayo. Kama bado, anzeni hapo. Jirani yangu mmoja aliacha nyumba namna hiyo. Watoto wake watatu wakaenda kwa mpangaji, kila mmoja kwa siku yake, kila mmoja akasema kodi niletee mimi. Mpangaji akaacha kumlipa yeyote, na hakuna aliyeweza kumpeleka popote kwa sababu hakuna aliyekuwa na karatasi.

Sasa luku. Katika miaka yangu yote ugomvi mkubwa wa uani haujawahi kuanzia kwenye kodi. Kodi ni kati yako na mtu mmoja, mara moja kwa mwezi. Luku na maji ni kati yao wenyewe kila siku, na hapo ndipo mtu anaanza kumhesabia mwenzake: huyu anapiga pasi asubuhi, yule analala redio inaimba. Ukitengeneza luku, nusu ya kelele zako zimeisha.

Huyo mama wa mitumba hajaibiwa. Tangu 2021 kodi ya jengo inakatwa kwenye luku, na kwa nyumba ya kawaida siku hizi ni 1,500 kwa mwezi. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Kwa hiyo anayenunua tarehe moja anawalipia wote bila kujua, tena analipa deni ambalo si lake, ni la mwenye nyumba. Mrudishieni hiyo 1,500 leo, na mumweleze mbele ya yule mwanafunzi ili wote wasikie. Kuanzia mwezi ujao umeme wa kwanza wa mwezi anunue mama au wewe, hata wa 5,000, halafu wao waendelee. Na mwambie mdogo wako aangalie risiti za nyumba kubwa. Kama mita zote mbili zinakatwa kwa jengo hilohilo, chukua namba za mita nenda nazo TRA, mamlaka ya mapato, mkaeleze.

Jambo jingine liko kwenye risiti hizohizo na watu wengi hawaliangalii. Chukua hela iliyolipwa ugawanye kwa uniti. Kuna bei ya matumizi madogo, wale wasiozidi uniti 75 kwa mwezi, na uniti moja pamoja na kodi zake inakuja kama 122. Ukishazidi hapo mfululizo unahamishiwa bei ya kawaida, kama 356. Vyumba sita kwenye mita moja haviwezi kubaki chini ya 75, kwa hiyo mwanafunzi mwenye taa moja na simu ya kuchaji analipia uniti yake mara tatu kwa sababu tu amechangia mita na wenzake. Watu sita wakitumia uniti 25 kila mmoja ni uniti 150. Kwenye mita moja ni zaidi ya 53,000. Wangekuwa kila mmoja na mita yake kwenye bei ya matumizi madogo, kila chumba kingelipa kama 3,000, na uani wote haungefika 20,000. Mimi nilipoipiga hesabu hii nilikaa kimya muda mrefu, maana nilikuwa nimewalaumu wapangaji wangu miaka kwa kutumia umeme vibaya.

Dawa ya kweli ni kila chumba na luku yake. Lakini najua gharama. Mimi kuunganishiwa mita mpya mjini, nguzo ikiwa ndani ya mita 30, nililipa 320,960, na hapo bado hujamlipa fundi wa kutandaza nyaya ndani. Sikuwa na hela ya mita tisa. Nilianza na sabumita, yaani mita ndogo za kuhesabu umeme wa kila chumba nyuma ya luku ileile moja, nikanunua Mwanjelwa kwa 28,000 moja, fundi akafunga kila chumba ya kwake nje ya mlango, juu, ndani ya kasha lenye kioo ili kila mtu aone. Kila Jumapili saa kumi na mbili jioni tunasoma. Daftari limefungwa kwa kamba karibu na bomba. Chumba cha tatu wiki nne zilizopita kilisoma 412, leo 437, basi ametumia 25, mara 356, anadaiwa 8,900. Hakuna wa kubishana naye, namba ziko pale. Taa ya uani na ya chooni nalipa mimi, ni yangu.

Na koili zao waache wazitumie. Koili ya wati 1,500 ikikaa nusu saa imekula robo tatu ya uniti, karibu 270 kwa ndoo moja. Akijua kwamba hiyo 270 inatoka mfukoni mwake, ataamua mwenyewe kama achemshie kwenye koili au kwenye gesi. Hakuna haja ya kumkataza mtu kuoga maji ya moto Mbeya mwezi wa saba.

Maji usigawe kwa vyumba. Gawa kwa vichwa. Fundi simu peke yake hawezi kulipa sawa na chumba cha watu wanne, na kama mmekuwa mkifanya hivyo, chuki ipo hata kama hujaisikia.

Kuhusu kufuli nitakueleza kilichonipata, na sikuelezi kwa kujisifu. Mwaka 2011 nilimfungia mpangaji. Alikuwa na deni la miezi mitano, alikuwa ananijibu vibaya, na siku hiyo nilikuwa nimetoka zamu ya usiku. Nikaweka kufuli langu juu ya lake. Vitu vyake vyote vikabaki ndani, na dawa za mama yake mgonjwa zikiwemo. Akaenda serikali ya mtaa, nikaitwa. Swali la kwanza nililoulizwa halikuwa anakudai nini wewe au unamdai nini yeye. Niliulizwa, una amri ya nani? Sikuwa nayo. Nikafungua. Akasema humo ndani kulikuwa na hela na redio na havipo. Sikuchukua kitu, lakini ningethibitishaje wakati kufuli lilikuwa langu? Niliishia kufuta deni lote ili yaishe, naye akahama kwa amani yake. Na yule mama mgonjwa alikosa dawa siku moja na nusu kwa ajili yangu. Mimi ni nesi, mwanangu. Hilo bado linaniuma.

Kwa hiyo mshike mkono mama yako kwenye hili, yuko sahihi. Baba mdogo mwambie kwa heshima kwamba kung'oa mlango kunamgeuza mdaiwa kuwa mdai.

Njia ni hii. Msimamizi wa mirathi aandike barua yenye tarehe, deni ni kiasi gani, miezi ipi, na siku ya mwisho. Nakala mbili, dereva asaini ya kwenu. Akikataa kusaini, mwenyekiti wa mtaa aandike kwamba amekabidhiwa mbele yake. Mara nyingi inaishia hapo. Isipoisha, nendeni Baraza la Kata. Tangu sheria irekebishwe 2021 baraza hilo halitoi hukumu tena kwenye mambo ya ardhi na nyumba, linasuluhisha tu, na usuluhishi ukishindikana ndani ya siku 30 mnakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko ndiko inakotoka amri ya kumtoa mtu.

Lakini kabla ya yote hayo, kuna mtu amekaa na huyo kijana akamuuliza bajaji ni ya nani?

Mzee_Makambako

Dada wa Uyole nakuheshimu, na kwenye kufuli tuko pamoja. Ila mwalimu asije akasikia huruma peke yake. Mimi nilimvumilia mpangaji mmoja hapa Makambako, leo kesho, leo kesho, mwaka na nusu. Alikuwa mtu mwema kweli, anasali, watoto wake wananiita babu. Mwisho alihama usiku na deni lote, na nilikuwa nimeshakopa ada ya mjukuu nikitegemea hela hiyo.

Huruma iwe na tarehe. Mpe muda, uandike, na tarehe hiyo ikifika bila kitu, barua itoke siku hiyohiyo, usingoje wiki. Mwalimu, hela hiyo anakula mama yako mjane. Deni la miezi minne ya chumba kimoja ni sawa na kodi ya mwezi mzima ya vyumba vingine vinne.

Mpangaji_Kihesa

Kamwene. Mimi ni mpangaji, Iringa, Kihesa, mwaka wa nane sasa na nimehama nyumba nne. Naomba niseme kutoka upande wetu.

Nyumba tatu nilizohama sikuhama kwa sababu ya ukubwa wa kodi. Moja nilihama kwa sababu mwenye nyumba alikuwa na ufunguo wa akiba na anaingia nikiwa kazini. Hakuchukua kitu, ila nilikuwa nakuta kiti kimesogezwa. Nyingine kodi ilipanda kwa 15,000, nikaambiwa tarehe 28 nianze kulipa tarehe moja. Ya tatu nilikuwa nalipa mkononi kwa mtoto wa mwenye nyumba, hakuna risiti. Siku wameulizana nyumbani kwao hela iko wapi, mimi ndiye niliyeonekana sijalipa.

Kwa hiyo mwalimu, naomba nikuulize bila nia mbaya. Hiyo miezi minne una uhakika nayo? Baba yako alikuwa haandiki, na baba mdogo anapokea mkononi. Muulize dereva mwenyewe, mkiwa wawili, alilipa lini mara ya mwisho na alimpa nani. Mimi huwa nawaambia wenye nyumba nipeni namba ya simu yenye jina la mwenye nyumba, nitume huko, ile meseji inatosha kuwa risiti kwa wote wawili.

Na jambo moja zaidi. Wengi wetu tunalipa miezi sita kwa mkupuo kwa sababu tunalazimishwa, tunakopa ili tulipe, halafu miezi inayofuata tunalipa mkopo. Mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu namtunzia nyumba yake kama yangu.

Fundi_Mafinga

Kamwene wote. Mimi ni fundi ujenzi, nyumbani Mafinga, lakini kazi nyingi nafanya Mbeya mjini na Mbalizi. Nataka kuzungumzia chumba cha sita, halafu kuna kitu kingine kimenishtua kwenye maelezo yako.

Chumba kinachovuja kinakugharimu 40,000 kila mwezi kikiwa wazi. Tangu Machi mpaka leo hela ya bati mpya imeshapotea. Mvua zetu zinaanza Novemba, kwa hiyo fundi apande juu kabla Oktoba haijaisha, wakati bati ni kavu na mafundi bado hawajabanwa. Usikubali kuambiwa ezua yote kabla hujaangalia misumari. Vyumba vingi vya uani walipigilia msumari kwenye bonde la bati badala ya mgongo, maji yanapita palepale yanapotiririka. Mpira wa msumari nao ukikauka kwa jua na baridi unapasuka. Mara nyingi ni kung'oa misumari, kuziba matundu ya zamani, kupiga mipya mgongoni, na kubadilisha bati mbili tatu zilizooza. Kama papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, zimeoza ununue mbao zilizotiwa dawa na zilizokauka. Mbao za Sao Hill ni nzuri, lakini ukipewa mbichi kwa bei ya chini zitapinda na bati litafunguka upya.

Halafu angalia chini ya ukuta. Tofali za kuchoma zinanyonya maji. Kama bati halina gata, ule mfereji wa kukinga maji ya mvua, matone yanachimba mfereji kando ya msingi na kurusha tope ukutani, tofali za mistari mitatu ya chini zinaanza kumeguka. Weka gata, maji yaingie kwenye tangi, na hayo maji yatapunguza bili yenu na foleni ya bombani. Ile sehemu ya chini piga lipu ya saruji. Choo msisahau kupima kabla ya mvua, maana shimo likijaa Januari gari la maji taka linaweza kushindwa kuingia uani kwa tope.

Sasa kilichonishtua. Umesema wamekaa giza siku mbili, kuna mtoto mchanga, ni mwezi wa baridi. Walikuwa wanapata joto wapi?

Nauliza kwa sababu najua jibu la nyumba nyingi za huku, kuanzia Makete, Njombe, mpaka Mbeya. Jiko la mkaa linaingizwa ndani, mlango unafungwa, kitambaa kinawekwa chini ya mlango upepo usiingie. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa kaboni monoksidi. Haina harufu, haina rangi, na mkaa ulioiva vizuri usio na moshi nao unaitoa. Mtu anaanza kuumwa kichwa, anasinzia, haamki. Nimeitwa kuvunja mlango asubuhi mara moja katika maisha yangu, sitaki kuitwa tena.

Mwenye nyumba anaweza kufanya kitu, na ni rahisi kuliko bati. Kila chumba kiwe na matundu ya hewa juu, karibu na dari, pande mbili zinazotazamana kama inawezekana, na wavu wa mbu. Kama lipo tofali la matundu na mpangaji ameliziba kwa gazeti, zungumza naye, mweleze kwa nini lipo. Tengeneza pa kupikia nje, hata kipenu cha bati nne na nguzo za miti, ili mvua isiwe sababu ya kuingiza jiko ndani. Na kwenye mkataba iandikwe wazi: jiko la mkaa halilali ndani. Mimi ningeanza na hili kabla ya sabumita, kabla ya deni, kesho asubuhi.

Mwalimu_Sumbawanga

Asanteni sana. Nimesoma yote mara mbili na jana nimeongea na nyumbani muda mrefu.

Fundi, nilimpigia mdogo wangu palepale. Ni kweli. Jiko linalala ndani chumba cha nne na cha tatu. Mama amekwenda mwenyewe usiku uleule, amekaa nao, na jiko sasa linabaki nje. Chumba cha nne tundu la hewa lilikuwa limezibwa na boksi, wamelitoa. Mama amewapa blanketi mbili. Fundi wa jirani atakuja Jumamosi kutoboa matundu ya pili.

Mama wa mitumba amerudishiwa 1,500 yake. Mdogo wangu anasema alilia kidogo, akaenda mwenyewe kumwomba msamaha yule mwanafunzi.

Mpangaji wa Kihesa, swali lako lilikuwa gumu lakini nimeliuliza. Dereva anasema mwezi mmoja kati ya ile minne alilipa mkononi. Baba mdogo amekumbuka, anasema alipokea wakati wa msiba wa upande wa pili akasahau. Sitaki kumhukumu. Kwa hiyo deni ni 120,000. Bajaji si yake, anapeleka hesabu kwa mwenye chombo kila siku, na mke wake alijifungua kwa upasuaji.

Mirathi bado hatujafungua. Kikao cha familia kitakuwa likizo ya Septemba.

Maswali mawili yamebaki. Dereva nimwambie nini? Na wanafunzi wanataka kulipa nusu miezi ya likizo ya chuo, nikubali?

Mama_Uyole

Mwanangu, umefanya vizuri, na mpe mama yako salamu zangu.

Dereva anashika hela kila siku, kidogo kidogo. Mwisho wa mwezi kwake hauna mshahara. Kumdai 40,000 kwa mkupuo ni kumdai kitu ambacho hakijawahi kukaa mkononi mwake kikiwa kizima. Mpange kwa wiki. Kila Jumapili, mkiwa mnasoma mita, alete 10,000 ya kodi na 5,000 ya deni. Kwa hesabu hiyo 120,000 inaisha kwa wiki 24. Iandikwe, asaini yeye na mke wake, mwenyekiti wa mtaa ashuhudie. Na nakubaliana na Mzee wa Makambako kuhusu tarehe: akikosa Jumapili tatu mfululizo, barua itoke. Mwambie hilo leo, kwa sauti ya kawaida, ili siku hiyo isimshtukize.

Wanafunzi kubali nusu, lakini kwa mkataba wa mwaka wa masomo wote, na nusu hiyo walipe kabla hawajaondoka, siyo wakirudi. Akikataa, aondoe vitu vyake, upangishe. Karibu na chuo chumba hakikai wazi ikifika Novemba, ila Agosti na Septemba kinaweza kukaa, kwa hiyo nusu ya uhakika ni nzuri.

Mikataba ya wote iandikwe upya baada ya msimamizi kuteuliwa, siyo kabla. Kwa sasa anzisheni daftari tu. Jina, namba ya NIDA, simu ya ndugu mmoja, idadi ya watu chumbani, vioo vingapi vizima, funguo ngapi, na picha za chumba mkiwa mnapiga wote wawili. Kodi itumwe kwenye simu ya mama. Baba mdogo msimwondoe kwa aibu. Mpeni kazi ya kusimamia fundi wa bati na kusoma mita, na muwe mnampa kitu kila mwezi kinachojulikana kwa wote, hata 15,000. Alikuwa anafanya kazi bila malipo mwaka mzima, na nadhani hakuna aliyemshukuru.

Sabumita ukienda kununua, jaribu kila moja dukani na taa kabla hujalipa. Kwangu mbili kati ya tisa zilikuwa hazihesabu, na niligundua baada ya mwezi. Siku ya kufunga andika namba ya kila mita kabla umeme haujawashwa, wapangaji wote wakiwa wamesimama hapo.

Mwalimu_Sumbawanga

Nimeandika yote. Baba mdogo amekubali, na amesema Jumapili ya kwanza ya kusoma mita atakalia lile benchi la baba.